Shimo ni la Nani?

Tulipoachana juma lililopita tulikuwa tumemtoa Riang shimoni. Yuko hai, mdomo umejaa udongo, na mguu wa kulia umegeukia upande ambao mguu haugeukii.

Kwa anayenisoma leo mara ya kwanza: mimi ni Kur. Nimekuwa utingo wa lori kutoka Mombasa hadi Lodwar, mpishi wa wajenzi wa barabara, mlinzi wa kanisa Eldoret, mkimbizi Kakuma mara mbili. Shule nilisoma vipande vipande, darasa hapa, darasa pale, kama mtu anayekula njiani. Uzeeni nikarudi Juba, nikapata kiwanja New Site. Hicho ndicho kitu changu cha kwanza duniani ambacho hakiingii kwenye begi.

Nikamwajiri Mukasa, kontrakta Mganda kutoka Masaka, anijengee nyumba na choo cha shimo kabla wakwe wa binti yangu Yar hawajaja kuketi nasi kupatana ng'ombe wa mahari. Kazi ya shimo Mukasa akampa Fulgensio. Fulgensio naye akamchukua Riang, baba wa watoto watatu anayekaa Mangateen, ndiye aliyeingia na jembe.

Jumanne kuta za shimo zikamfunika.

Hapo ndipo mlipoishia. Sasa ni Ijumaa, saa tatu asubuhi, nimesimama kwenye korido ya hospitali.

"Nani hapa ni watu wa Riang?" akauliza Dokta Abang.

Ni mwanamke mfupi, amesomea Kenya, Kiswahili chake hakina kona. Tukasogea.

"Sikieni vizuri, sitarudia. Mguu umekufa. Sumu inapanda. Tukiukata leo kabla ya saa nane, nina matumaini. Tukingoja kesho, msiniite tena, mwiteni mchungaji. Mgonjwa ana homa, hajui hata jina lake. Nahitaji mtu mmoja mwenye dhamana yake atie sahihi hapa."

Akanyoosha karatasi na kalamu.

Hakuna mkono uliotoka.

Nyagai, mke wa Riang, alikuwa ameketi sakafuni. Akamtazama Majok, baba mdogo wa mumewe, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu. Kwetu mke hatii sahihi wazee wa mume wakiwapo.

"Baba, tia."

"Nyagai, ngoja kwanza," Majok akasema. "Tukitia kidole sisi, mguu tumeukata sisi. Siku ya kesi kwa chifu mtu atasimama aseme, mimi nilivunja tu, aliyekata ni Majok. Mguu uliovunjwa na mguu uliokatwa, ng'ombe wake wa fidia si wale wale. Atie mwenye kazi."

"Mwenye kazi ni nani?" dokta akauliza.

Mukasa akainua viganja vyote viwili. "Dokta, si mimi. Mimi nalipa Fulgensio. Fulgensio nalipa Riang. Hata jina yake mimi nilijua siku shimo ilianguka."

"Huyo Fulgensio yuko wapi?"

"Polisi."

Basi macho yote yakanijia mimi.

Nilikuwa nimejiandaa. Nikatoa mfukoni mkataba wangu na Mukasa. Tuliuandikisha kwa mama mmoja mwenye kompyuta karibu na soko, na kuna mstari nilimwambia auandike kwa wino mzito. Nikausoma kwa sauti: "Ajali yoyote ya mfanyakazi ni juu ya kontrakta. Mwenye kiwanja hahusiki."

Majok akaipokea karatasi. Akaipitia kwa kidole, neno kwa neno.

"Hapa naona sahihi ya Kur."

"Ndiyo."

"Hapa naona ya Mukasa."

"Ndiyo."

"Ya Riang iko wapi?"

"Riang hakuwapo siku hiyo."

"Hakuwapo. Kwa hiyo mlikaa ninyi wawili, mkakubaliana kwamba mguu wa mtu wa tatu hauna mwenyewe."

Akanirudishia karatasi yangu, ameikunja vizuri, kwa heshima kabisa.

"Nikuulize, mzee mwenzangu. Shimo lile ni la nani?"

"Linachimbwa na watu wa Fulgensio, kwa niaba ya..."

"Sikuuliza linachimbwa na nani. Likiisha, nani atakwenda haja humo? Mganda huyu?"

"Mimi iko na choo yangu Gudele," Mukasa akasema haraka.

Watu wa benchi la pili wakacheka. Nyagai hakucheka.

Dokta Abang akatazama saa yake. "Karatasi naiacha kwa nesi. Saa nane. Mkimaliza kugawana shimo, mtamkuta humo."

Akaondoka.

Mukasa akanivuta mpaka dirishani.

"Mzee Kur, usitie mkono wako pale, nakuomba. Ukitia, umekubali. Mimi nikitia, nimekubali. Tungoje Fulgensio akubali, yeye ndiye iko na makosa."

"Makosa gani hasa?"

"Si alihamisha vigingi! Wewe hujui? Mimi nilipima karibu na geti, hatua sita, udongo ngumu kama bati. Jumatatu nikakwenda airport kungoja mzigo ya vitasa kutoka Entebbe. Mzigo ikachelewa, nikalala kwa ndugu yangu. Jumanne nakuja, nakuta watu nalia na shimo iko kule nyuma, karibu na ukuta! Kule zamani watu walichimba udongo ya matofali, halafu wakajaza majivu na takataka. Mtu wa kazi yeyote najua. Fulgensio alitaka udongo laini amalize kwa siku moja. Hivyo ndivyo nimeambia polisi."

"Ni wewe uliyewaambia?"

"Sasa nani mwingine, sebo? Vigingi natembea?"

Nikasema, "Vigingi havitembei."

Wasomaji wangu, hapa inabidi nisimame kidogo.

Juma lililopita niliwaandikia kwamba shimo lilichimbwa pale lilipopimwa. Mkaniamini. Wengine mkanitumia salamu za pole. Ule ulikuwa uongo.

Vigingi nilivihamisha mimi.

Pale Mukasa alipopima, mlango wa choo ungetazama moja kwa moja kibaraza watakapoketi wakwe. Kwetu, mtu na mama mkwe wa binti yake wana heshima kali. Hata kutafuna mbele yake ni aibu. Sembuse nipite mbele yake na birika la maji mkononi, yeye anatazama, anajua niendako na atajua nimekaa huko muda gani!

Nilimwambia Mukasa asogeze. Alicheka. "Mzee, choo haina aibu. Choo iko na udongo."

Nikanyamaza kama mtu aliyeelewa. Jumatatu mchana, yeye yuko airport na wachimbaji bado hawajafika, nikaving'oa vigingi vyote vinne. Nikavipeleka nyuma, kwenye ukuta, nikavipigilia kwa jiwe. Kamba nikaifunga kama nilivyoikuta. Chai isingechemka kabla sijamaliza.

Mtauliza kwa nini sikusema baada ya ajali. Nina vitu viwili duniani, kiwanja na Yar. Mtu mwenye kesi ya damu, chifu humwondolea alicho nacho kifidie. Na ukoo wa bwana harusi hauleti ng'ombe kwenye nyumba yenye kesi ya damu, wala haunywi maji yake. Yar amengoja miaka minne. Neno moja tu, na vyote viwili vimekwenda.

Ndiyo maana Fulgensio alikuwa amelala polisi siku tatu kwa kosa langu, na mimi nililala kitandani kwangu, ingawa kulala kwenyewe sikulala.

Nikamwambia Mukasa nakwenda kununua maji. Nikapita duka la kwanza, nikanunua mkate na maharagwe kwenye mfuko, nikapanda boda hadi kituo cha polisi.

Huku kwetu mahabusu hula kile ndugu zake wanacholeta. Fulgensio watu wake wako mbali, upande wa Torit.

Askari alinikalisha benchini mpaka mchana, kisha akapekua mkate wangu mpaka ukawa makombo, akaniruhusu kwenye dirisha la nondo.

"Ya mzee!" Fulgensio akasema. Mdomo wake wa chini ulikuwa umevimba. "Wewe ndiye mtu wa kwanza kuja. Mukasa hata chumvi hajaleta. Riang anaendeleaje?"

Hilo ndilo lilikuwa swali lake. Hakuuliza habari za kutoka kwake.

Nikamweleza. Mguu, sumu, saa nane, karatasi.

"Na hakuna aliyetia?"

"Hakuna."

"Watu wazima wote wale?"

"Kila mtu anaogopa kuitwa mwenye shimo."

Akacheka. Mdomo ukapasuka, akaufuta kwa bega. "Basi mimi nimekuwa mjinga wa bure. Jana nimekubali."

"Umekubali nini?"

"Kwamba nilihamisha vigingi. Huyu bwana hapa alisema, mwenye kosa akijulikana ndiye atapelekwa hospitali kutia kidole. Nikaona, khalas. Mtu asioze kwa sababu ya vijiti vinne. Nikakubali."

Nikamgeukia askari.

"Basi mtoeni akatie kidole. Kuna mtu anakufa."

Askari alikuwa anachokoa meno. "Mzee, wewe unafikiri vizuri? Mtu amekubali kosa kwa kidole chake mwenyewe, halafu nimtoe aende matembezi? Mkubwa anarudi Jumatatu."

"Niilete karatasi hapa, atie hapa hapa?"

"Karatasi ya hospitali si kazi ya kituo."

"Unaona?" Fulgensio akasema. "Nilipokana, walinifunga. Nilipokubali, wamenifunga zaidi. Hebu lete huo mkate."

Nikampitishia makombo. Akala kidogo, akatafuna polepole upande mmoja.

"Mzee, nimechimba vyoo vya Mukasa miaka saba. Navijua vigingi vyake. Anapiga kwa nyundo, kichwa kinalala bapa. Vile vya kwako nilivikuta vimechanika vichwa. Vilipigwa kwa jiwe."

Nikatazama mfuko wa maharagwe.

"Niliona," akaendelea. "Sikuuliza. Nikasema moyoni, labda leo Mukasa amesahau nyundo. Nikamwambia Riang, kazi ipo, ingia asubuhi. Hiyo ndiyo sehemu yangu, na naona naendelea kuilipia. Sehemu nyingine ina mtu wake."

Hakunitaja. Hata kunitazama hakunitazama. Alichagua kombo kubwa kuliko mengine, akaligawa, akanipitishia kipande katikati ya nondo.

"Kula, Mzee. Au kwenu hamli mbele ya watu?"

Nikakitia mfukoni.

"Saa ngapi?" nikamuuliza askari.

"Saba na robo."

Nikatoka bila kuaga. Boda ya kwanza ilikuwa na abiria, ya pili haina mafuta. Ya tatu nikaipanda kabla haijasimama. Barabarani kulikuwa na lori la maji limekwama kwenye tope, magari yamelizunguka kama nzi. Nikashuka, nikakimbia. Mtu wa umri wangu akikimbia Juba, watu hutazama nyuma yake waone ni nini kinachomfukuza.

Niliingia wodini saa nane kasoro dakika kumi na mbili.

Riang alikuwa kitanda cha mwisho. Macho yamefumbwa, midomo imekauka. Shuka lilikuwa limeinuliwa juu ya mguu ili lisiuguse, lakini harufu halikuweza kuizuia. Nyagai alikuwa anampepea kwa kifuniko cha boksi. Majok ameketi kando. Mukasa yuko karibu na mlango, anaongea na simu, anapanga habari za mbao na mtu wa Nimule.

"Mukasa, kata simu."

"Dakika moja, Mzee."

"Kata!"

Akakata. Wagonjwa wa vitanda vingine wakageuka.

"Vigingi nilivihamisha mimi," nikasema.

"Nini?"

"Jumatatu mchana, ulipokuwa airport. Kwa jiwe. Fulgensio hakugusa hata kimoja. Kule polisi yeye amekubali uongo ili apate kumtilia Riang kidole, na wamekataa kumtoa."

Mukasa aliweka mikono kichwani. "Katonda wange! Mzee! Mimi nimefungisha mtu! Siku tatu wewe unanitazama hivi hivi, mimi nasema Fulgensio, Fulgensio, na wewe unasema vigingi havitembei!"

"Ndiyo."

"Kwa nini? Eh? Nani alikutuma?"

"Mlango ulikuwa unatazama watakapokaa wakwe."

Mukasa akanikodolea macho. Kisha akamgeukia Majok, kama anayetafuta mtu wa kucheka naye au wa kulia naye.

Majok hakucheka. Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia jina la kijiji chao.

"Aibu hiyo naijua," akasema. "Hata mimi nisingekiacha pale."

Nilitaka kupumua.

"Lakini ningechimba mwenyewe," Majok akamalizia.

Akasimama. Akanisogelea mpaka nikaona weusi wa macho yake.

"Unajua unachosema, mzee? Maneno haya hayarudi. Kiwanja utakiongelea mbele ya chifu. Na hao wakwe wakisikia, watageukia njiani."

"Najua."

"Na umesema mbele ya watu."

"Nimesema mbele ya watu."

"Basi shimo limepata mwenyewe. Tia."

"Haraka," Nyagai akasema. Hakuacha kupepea, wala hakuinua uso. Sijui kama alinichukia. Nadhani hakuwa na nafasi ya hilo.

Dokta Abang aliitwa, akaja na karatasi juu ya ubao. Akanipa kalamu.

"Jina?"

"Kur."

"Uhusiano na mgonjwa?"

Si ndugu yake. Si rafiki yake. "Andika, huyu ndiye aliyemvunja."

"Hapa hakuna nafasi ya maneno hayo. Nitaandika mwajiri. Sawa?"

Mwajiri. Kwa siku tatu nilikuwa nimelikimbia neno hilo kwa karatasi, kwa wino mzito, kwa mtoto wa watu aliyelala polisi na mdomo uliopasuka. Nalo lilikuwa neno dogo tu, dokta ameshaliandika kabla sijajibu.

"Sawa."

Nikaweka kalamu chini pale penye mstari. Nikaandika K.

Kitu cha moto kikanishika kiwiko.

Ulikuwa mkono wa Riang. Macho yake yalikuwa wazi, mekundu, na yalikuwa yananiona mimi hasa, si mtu mwingine.

"Nilikuuliza," akasema.

Nyagai akaangusha kile kifuniko. Tangu Jumatano mumewe hakuwa ametamka neno lenye maana.

"Nilikuuliza, Mzee."

Ni kweli. Hili pia sikuwaambia. Hata hapo juu, nilipokuwa naungama vigingi, nililiruka makusudi, nikidhani linaweza kufia shimoni.

Jumanne asubuhi, kabla hajashuka, Riang alisimama ukingoni na jembe begani. Alikwangua udongo kwa kidole cha mguu, majivu yakatoka. Akaniuliza, "Mzee, ni hapa kweli Mukasa amepima?" Angeweza kumuuliza Fulgensio, lakini Fulgensio alikuwa bado hajafika. Mimi ndiye niliyekuwapo, mwenye mvi, mwenye kiwanja.

Nikamjibu, "Ni hapa hapa, mwanangu. Amepima mwenyewe."

Akasema asante. Akaingia.

"Nilikuuliza," Riang akarudia, "ukaniita mwanao."

"Riang," Nyagai akasema, amemshika shavu. "Mwache atie. Saa imefika. Mwache tu atie, utamchukia baadaye."

"Huyu asitie."

Hakupaza sauti. Hakuwa na sauti ya kupaza.

"Baba Majok akitia, sawa. Mganda akitia, sawa. Huyu hapana. Aliniambia niingie, nikaingia. Asiniambie tena kitu."

Dokta Abang akainama. "Riang, unajua uko wapi?"

"Hospitali."

"Leo siku gani?"

"Sijui. Nimelala."

"Ni nani huyu anayekushika uso?"

"Nyagai."

Dokta akaivuta karatasi chini ya kalamu yangu, ile K imebaki peke yake. "Amerudi akilini. Basi tusihangaike na wengine. Riang, nisikilize. Mguu usipokatwa sasa hivi, wewe utakufa. Unakubali wewe mwenyewe tuukate?"

Riang alifikiri. Mtu mwenye homa ile, nawaambia, alilala pale akafikiri. Kisha macho yakamtafuta Majok.

"Baba, nikikubali mwenyewe, chifu hatasema nimejikata mwenyewe? Watoto watapata nini?"

Yalikuwa maneno ya Majok mwenyewe, yametoka kwenye mdomo uliokauka.

Nikapiga magoti. Sijali nani aliona.

"Majok, tia wewe. Mimi sitasema umeukata. Mbele ya chifu, mbele ya Mungu, sitasema. Naapa."

"Unaapa," Majok akasema. "Mtu alinyamaza siku tatu huku mwenzake anaoza na mwingine anapigwa. Kiapo chake nikiweke wapi mimi? Niambie, nikiweke wapi?"

"Jamani," dokta akasema.

"Riang, sema ndiyo," Nyagai akamwambia mumewe sikioni. "Sema ndiyo tu. Achana na chifu. Achana na ng'ombe. Sema ndiyo kwangu."

Midomo ya Riang ilianza kuumba neno. Naapa niliona inaanza. Kisha vidole vyake vikalegea kwenye kiwiko changu, kimoja kimoja, na macho yakapanda juu, yakabaki meupe.

"Riang! Riang!"

Dokta Abang akamshika kifundo cha mkono, akamlaza kichwa, akaita nesi kwa sauti ambayo sikudhani anayo. "Leteni machela! Waambie chumba kiwe tayari!" Kisha, bila kugeuka, akanyoosha ule ubao nyuma yake hewani, karatasi na kalamu juu yake.

"Huyu mzee mgonjwa amemkataa, mmesikia wote. Mwingine nani? Nani mwingine? Sina dakika!"

Nyagai alimtazama Majok. Majok alimtazama mgonjwa. Mimi nilikuwa bado sakafuni, sina mkono unaotakiwa na mtu.

Mukasa alikuwa amesimama katikati ya kitanda na mlango, kofia ya kazi kwapani, uso umelowa jasho. Akapiga hatua moja. Toka pale chini nilipokuwa, sikuweza kujua kama ni ya kuja au ya kuondoka.